Mkono Mtupu Haulambwi, Labda na Mbwa Aliyefundishwa

Mzee mmoja jirani yangu ana mbwa wa ulinzi anayeitwa Bosi. Kila alfajiri, kabla ya kumfungia bandani, mzee alikuwa akisimama barazani na kuita: "Bosi! Njoo!" Bosi anamtazama kwa mbali, masikio juu, wala hasogei. Mzee anaingia jikoni, anatoka na kipande cha nyama, anakiinua juu. Hapo Bosi anakuja mbio.

"Daktari, huyu mbwa wangu mla rushwa," aliniambia siku moja. "Bila kitu kidogo haji."

Nilimjibu kwamba Bosi hakuomba rushwa, alifundishwa. Kwa miezi kadhaa ameona kwamba akiitwa na akatulia, nyama huletwa. Akaendelea kutulia.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wafugaji wengi huishia hapo. Lengo la mafunzo ni kusonga hatua moja mbele: mbwa aitikie mkono mtupu kwa kuwa ana hakika malipo yapo, hata kama hayaoni. Tofauti ya hongo na ujira ni wakati. Hongo huonyeshwa kabla ya kazi, ujira hulipwa kazi ikishafanyika.

Kwa nini chakula hufanya kazi

Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike alichapisha utafiti wake kuhusu paka aliowafungia kwenye visanduku vya fumbo. Paka alihangaika, akakwaruza huku na huku, mpaka kwa bahati akagusa kitu kilichofungua mlango, akatoka na kukuta chakula. Kadiri alivyorudishwa ndani ndivyo alivyotoka upesi zaidi. Kitendo kinacholeta heri hurudiwa.

Naye Mrusi Ivan Pavlov aliona mbwa wake wakitokwa na mate kabla chakula hakijafika mdomoni, kwa kusikia tu sauti iliyozoeleka kukitangulia. Ndiyo maana tunamfundisha mbwa neno moja la kumwambia "umepatia", kwa mfano "Safi!" Litamke, kisha mpe kinofu papo hapo. Rudia mara kumi na tano hivi, na neno lenyewe litaanza kuwa na thamani.

Anayetaka kuona elimu hii kazini asiende mbali. Mjini Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya akipatia, husikia mlio mdogo, kisha hupewa chakula kama vile ndizi. Mmoja wao, Magawa, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza. Wala hakuna fimbo katika somo hilo.

Kumfundisha kukaa

Chagua chakula laini, chenye harufu, kinachomezwa mara moja. Maini au firigisi zilizochemshwa bila chumvi zinafaa sana. Dagaa wakavu nao wanafaa, ila waliotiwa chumvi uwaloweke kwanza na kumwaga maji. Kata vipande vidogo kama punje ya mahindi. Mbwa huhesabu mara alizolipwa kuliko ukubwa wa tonge, na kipande kikubwa kitamfanya atafune huku somo likimpita.

Fanya zoezi kabla ya mlo wake, mahali patulivu, kwa dakika tatu hadi tano tu. Shika kinofu kwa ncha za vidole, kisogeze karibu na pua yake, kisha kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa. Pua ikipanda, makalio hushuka. Yakigusa chini, sekunde ileile sema "Safi!" na umpe.

Wengi hukosea sekunde hiyo. Mbwa anakaa, mwenyewe anaanza kupekua mfuko, mbwa anasimama kunusa mfuko, ndipo anapewa. Hapo umelipia kusimama. Neno "Safi!" linakuokoa, maana linatia alama kwenye kitendo hata kama mkono umechelewa kidogo.

Mpaka hapo kile kinofu ni chambo, na chambo hakitakiwi kudumu. Ikifika raundi ya tano au ya sita, upitishe mkono uleule vilevile ukiwa mtupu. Ataufuata kwa mazoea na kukaa. Sema "Safi!", kisha utoe kinofu mfukoni kwa mkono wa pili. Baadaye tanguliza neno "Kaa" kabla ya ishara. Mbwa hana lugha ya mama, hivyo neno lolote litafaa, mradi nyumba nzima itumie lilelile.

Akishaimudu amri, usilipe kila mara. Lipa mara mbili mfululizo, ruka moja, lipa, ruka mbili. Hata wale panya wa Morogoro, wanaponusa sampuli za kifua kikuu, hulipwa kwa zile tu zinazojulikana tayari kuwa na ugonjwa. Nyingine huzitambua bila malipo, na kazi haisimami. Na ujira ulingane na ugumu: sebuleni kitonge cha ugali kinatosha, lakini getini, mbwa wa jirani akibweka, toa maini.

Hofu ya nyama ya mwizi

Wenye mbwa wa ulinzi huniuliza: "Nikimzoesha vinofu, si atakula sumu ya mwizi?" Mbwa mwenye njaa hula kilichoanguka chini, awe amefundishwa au la. Mafunzo hukupa nafasi ya kumzoesha kupokea chakula mkononi tu, na baada ya neno la ruhusa. Hata hivyo usijidanganye kwamba hilo ni kinga kamili. Mshibishe jioni, na ukague ua wako.

Hatari nyingine zimo jikoni kwetu. Usimpe chokoleti, zabibu, vitunguu maji wala vitunguu saumu, wala jojo na pipi zenye utamu wa zailitoli. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ncha kali na kuweza kutoboa utumbo. Vinofu vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya chakula chake, na upunguze mlo wa jioni kwa kiasi hicho, la sivyo utapata mbwa mtiifu asiyeweza kukimbia.

Na mbwa akikataa hata maini, usimlazimishe. Aghlabu ana hofu, ana joto au anaumwa. Msogeze mbali na kinachomtisha. Akiendelea kususa hata chakula chake nyumbani, mwone daktari wa mifugo.

Tulivyomrekebisha Bosi

Kwa Bosi tulianza na neno jipya, "Hapa!", kwa kuwa "Njoo" lilikwisha kuharibika. Kwake lilimaanisha banda. Mzee alimwita kwa mikono mitupu kutoka hatua tatu tu. Pua ilipogusa goti, "Safi!", maini yakatoka mfukoni, kisha Bosi akaachiwa aendelee na shughuli zake. Tulirudia hivyo mara nyingi mchana, ili kuitwa kusiwe kufungiwa.

Siku hizi Bosi huja mikono ikiwa mitupu. Mzee akaniuliza kama sasa anaweza kuacha kubeba maini. Nilimwambia hapana, na wewe msomaji nakuambia hivyohivyo: punguza malipo, lakini usiyafute. Mbwa anayeitika kwa miaka bila kupata chochote, siku moja atasimama mbali, masikio juu, na kukutazama.