Magari ya Umeme na Mtihani wa Mbio za Masafa Marefu

Gari la umeme lenye uzito wa tani 2 linapopanda kutoka Same mjini kuelekea vijiji vya Milima ya Upare, kila mita 1,000 za mwinuko huhitaji takribani uniti 5.5 za umeme kwa kuinua uzito wake pekee. Mchanga na mawe huongeza matumizi hayo. Linapoteremka, mota hugeuka jenereta na kurejesha sehemu ya umeme kwenye betri.

Mtihani huo ndio unaoyakabili mashindano ya masafa marefu katika njia zisizo na lami, ambako vituo vya kuchaji havipo. Mwezi Januari, 2024 nchini Saudi Arabia, Carlos Sainz alishinda mbio za Dakar kwa gari la Audi RS Q e-tron. Magurudumu yalizungushwa na mota za umeme, lakini gari lilibeba pia injini ya mafuta iliyozalisha umeme wa kuchaji betri safarini.

Hivyo, mwananchi wa milimani anayekusudia kununua gari la umeme hana budi kuzingatia mwinuko, hali ya barabara na mahali pa kuchaji, badala ya kutegemea masafa yaliyotajwa na mtengenezaji pekee.