Kumheshimu Mzee si Kumkalisha Kitini

Wahenga walisema kwamba heshima si utumwa. Katika jamii zetu, kijana mwenye adabu akimwona mzee amebeba ndoo humpokea, na akimwona ameshika jembe humwambia, "Leta, nyanya, wewe pumzika." Jambo hili ni zuri na sisemi tuliache. Lakini, wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, iko heshima nyingine ambayo huwadhuru wazee wetu bila mtu kujua. Nayo ni ile ya kumkalisha mzee kitini kutwa nzima, hasa akiwa na ugonjwa wa muda mrefu kama vile kisukari, shinikizo la damu au maumivu ya viungo. Katika makala haya nitaeleza kwa nini mwili wa mzee mgonjwa unahitaji kazi, na kazi yenyewe iwe ya namna gani.

Kwanza tuuangalie uzee wenyewe. Kadiri mtu anavyozeeka ndivyo misuli yake inavyopungua. Hiyo ni kawaida. Ila misuli hupungua upesi zaidi isipotumiwa. Mwaka 2007 watafiti huko Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanyia wazee wenye afya njema ambao walikubali kulala kitandani kwa siku 10 tu. Katika siku hizo chache, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hebu fikiria basi mzee mgonjwa anayekaa kitini kwa miezi kadhaa!

Pili, misuli haifanyi kazi ya kubeba na kutembea tu. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Tukila ugali au viazi, chakula hicho hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini ni kama ufunguo unaofungua mlango wa misuli ili sukari iingie ndani. Katika aina ya kisukari inayowapata wazee wengi, ufunguo upo lakini kufuli imeshika kutu, kwa hivyo sukari hubaki nje katika damu. Sasa ajabu ni hii: misuli ikifanya kazi hufungua mlango mwingine wa nyuma ambao hauhitaji ufunguo huo. Mtu akitembea, sukari huingia ndani, na hata kufuli ile ya mbele hulainika kwa saa nyingi baadaye. Ndiyo maana daktari humwandikia mgonjwa tembe na pia humwambia atembee.

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kila jioni niko nyumbani, na haya nimeyaona kwa macho yangu. Nyanya yangu ana umri wa miaka 74 na ameishi na kisukari kwa miaka 11. Alipokuwa shambani Kinangop alikuwa akikamua ng'ombe wawili, akikata majani na kupalilia viazi. Sukari yake asubuhi kabla ya kula ilikuwa 7 au 8. Mwaka jana baba alimleta kwetu Nakuru ili awe karibu na kliniki. Akapewa kiti kizuri mbele ya televisheni. Maji yako kwenye mfereji, gesi ni ya kuwasha tu, na akishika ufagio ananyang'anywa kwa upole. Baada ya miezi minne sukari yake ilifika 12, ingawa tembe zilikuwa zilezile na hakukosa hata siku moja. Magoti yalikuwa yamekakamaa, na kuinuka kitini akawa anashikwa mkono.

Siku ya kliniki, sista alitazama kitabu chake akauliza, "Na mchana anafanya nini?"

Baba akajibu, "Tunampumzisha, sista."

Nyanya, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, akasema, "Hata mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Mimi nimemaliza miezi minne."

Sista alicheka, kisha akaeleza. Aanze kwa kutembea dakika 10 asubuhi na dakika 10 jioni, aongeze polepole. Ainuke kitini na kuketi tena mara 10, meza ikiwa karibu ya kushika. Apewe kazi yake mwenyewe nyumbani. Siku hizi nyanya ana magunia manne ya sukumawiki nyuma ya nyumba na hakuna anayeyagusa bila ruhusa. Hutembea karibu nusu saa kwa siku. Sukari yake imerudi kwenye 8. Sisemi amepona, maana tembe bado anameza. Yeye mwenyewe huniambia kwamba magoti hukataa dakika za kwanza, kisha hukubali. Ziko pia siku ambazo nyayo zinawaka kama moto usiku kucha na hapati usingizi. Kesho yake haendi mbali, na hakuna anayemlazimisha. Lakini kuinuka kitini anainuka peke yake, na hilo kwake ni kubwa kuliko ile namba ya kipimo.

Huenda ukasema hayo ni ya nyumba moja tu. La hasha! Daktari Jerry Morris na wenzake waliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja na mitaa ileile. Tofauti ni kwamba dereva alikaa kutwa, naye kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makondakta hawakupatwa sana na ugonjwa wa moyo kama madereva. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 99.

Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 2020. Lasema watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao mtu aweza kuzungumza lakini kuimba kunamshinda. Nusu saa kwa siku tano yatosha kufikisha 150. Tena wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2, na mazoezi ya usawa wa mwili siku 3 ili wasianguke. Wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu hawakuachwa nje ya mwongozo huo.

Hata hivyo, mwenda pole hajikwai. Mzee aliyekaa kwa muda mrefu amwone daktari kabla ya kuanza. Mwenye kisukari avae viatu vinavyomtosha na akaguliwe nyayo kila siku, kwa sababu mguu wenye ganzi hauhisi kidonda. Anayetumia insulini au tembe za kuteremsha sukari awe na peremende au sukari mfukoni. Akianza kutetemeka, kutoa jasho jembamba au kuchanganyikiwa, huenda sukari imeshuka chini ya 4, naye apewe kitu kitamu mara moja. Na akisikia maumivu ya kifua, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali.

Basi kazi yetu sisi vijana ni ipi? Ndoo ya lita 20 tumpokee, naam. Lakini tumwachie kibuyu kidogo, ufagio, kuku wake na bustani yake. Tusimwambie tu "nenda utembee", bali tuvae viatu twende naye, tufuate mwendo wake, tusimkimbize. Nami nakuhakikishia kwamba njiani utasikia hadithi ambazo mzee hawezi kukusimulia televisheni ikipiga kelele. Haba na haba hujaza kibaba, na hatua za mzee zijazapo kibaba, tutakaa naye siku nyingi zaidi.