Kabla Koti Halijachakaa

Jumapili moja usiku, umeme umerudi, watoto wamelala, mimi na mume wangu tukaamua kumrudia Luteni Columbo tangu mwanzo kabisa. Si ile misimu ya miaka ya 70 ambayo kila mtu anaikumbuka. Mwanzo wenyewe: filamu ya majaribio ya mwaka 1968, Prescription: Murder. Nusu saa baadaye mume wangu akanigeukia. "Kumbe jamaa alikuwa mnoko hivi?"

Na kweli. Peter Falk ni yuleyule, lakini nywele zake zimekatwa fupi na kuchanwa vizuri, suti imekaa. Koti la mvua analo, ila bado halijawa koti lile la kuchakaa ambalo ukiliona tu unacheka. Gari bovu la Peugeot 403 halipo, lilikuja baadaye. Yule mbwa mvivu naye hajazaliwa, maana alitokea mwaka 1972. Ule mchezo wa kuaga, kufika mlangoni, halafu kurudi na swali moja la mwisho, huo tayari anao.

Kama hujaiona, kisa chenyewe kinawahusu sana wasomaji wa ukurasa huu. Dokta Ray Fleming, daktari wa magonjwa ya akili, tajiri, mtanashati, anaadhimisha miaka kumi ya ndoa na mkewe Carol. Nyumba imejaa wageni, lakini Carol kachoka na anatishia talaka. Dokta ana nyumba ndogo, Joan, mwigizaji ambaye pia ni mgonjwa wake (hapo tu ilitosha kumfukuzisha kazi). Anamlaghai mke kwa safari ya Acapulco, anamkaba shingo, kisha Joan anavaa nguo za Carol na kuigiza ugomvi ndani ya ndege ili abiria waone "mke" akishuka kwa hasira. Dokta anasafiri peke yake.

Anaporudi, Columbo anamsubiri ndani ya nyumba yake. Na kinachomtia shaka Luteni si damu wala bunduki. Mwanaume ametoka safari, ameingia kwake, na hakuita jina la mkewe. Basi. Mume wangu aliguna hapo, maana yeye huanza kuniita akiwa bado getini.

Sasa twende kwenye kilichotukosesha usingizi. Columbo anajua dokta ni mgumu, hatavunjika. Kwa hiyo anamwendea Joan. Anambana peke yake, anamfokea, anamwambia atamwandama mpaka aseme. Sauti imepanda, macho yamekaza, huruma hakuna. Binti anayumba, lakini siri haitoki. Mimi niliyezoea Columbo wa kujikuna kichwa na kuomba radhi nilihisi nimeingia nyumba si yangu.

Mume wangu anasema hiyo ndiyo polisi halisi. Anasema baadaye walimlainisha ili apendwe, wakamvisha uchekeshaji, na yule wa 1968 ndiye mwanaume kamili. Nakubali kwamba ana uzito ambao baadaye ulipungua. Ila ona anamfokea nani. Dokta, muuaji mwenyewe, anaongeleshwa kwa adabu hadi mwisho. Mkali anakuwa mkali kwa yule dhaifu. Tunawajua watu hao, bosi akiwafokea ofisini, hasira zinaishia kwa dada wa kazi nyumbani.

Ifahamike kwamba waandishi wake, Richard Levinson na William Link, hawakuanza na Columbo kama shujaa. Luteni alionekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1960 akiigizwa na Bert Freed, kisha mwaka 1962 hadithi ikawa mchezo wa jukwaani, Columbo akiwa mzee Thomas Mitchell. Nyota alitakiwa kuwa daktari. Watazamaji ndio waliompenda polisi. Mwaka 1968 bado filamu inababaika kati ya wawili hao. Ikabidi NBC wajaribu tena Machi 1971 kwa Ransom for a Dead Man, Lee Grant akiwa mwanasheria aliyemuua mumewe, na hapo ndipo Columbo anaanza kulegea na kuchanganya mambo kama tunavyomjua. Septemba mwaka huohuo mfululizo ukaanza rasmi, na kazi ya kwanza akapewa kuiongoza kijana wa miaka 24 aitwaye Steven Spielberg.

Hasira haikufa, lakini ilibadilisha anwani. Tafuta A Stitch in Crime ya 1973, ambamo Leonard Nimoy ni daktari wa upasuaji mwenye roho ya barafu. Anamcheka Columbo usoni. Luteni anabamiza jagi juu ya meza na kumwambia wazi kwamba anamjua yeye ni nani na afanye kila njia mgonjwa wake asife. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa Joan, kwa sababu nimemzoea mpole, na kwa sababu safari hii anayebamiziwa jagi ni mwenye nguvu.

Mwaka huohuo, katika Any Old Port in a Storm, anamkamata mtengeneza mvinyo Adrian Carsini, aliyemuua ndugu yake. Katibu wake amegundua siri na anataka ndoa kama bei ya kunyamaza. Carsini anaona afadhali jela. Columbo hamcheki. Anasimamisha gari, anatoa chupa ya mvinyo mzuri, wanakunywa wote wawili ndani ya gari, polisi na mfungwa wake.

Nilidhani nimeshinda ubishi. Mume wangu akarudisha mwisho wa ile ya 1968. Columbo amemdanganya dokta kwamba Joan amejiua. Anamuuliza kama alimpenda. Dokta anajibu bila aibu kwamba alikuwa anamtumia tu, angemwacha. Joan yuko hai, nyuma yao, amesikia kila neno. Columbo anamwangalia binti.

"Unaona?" mume wangu akasema. "Hapo amemwonea huruma."

Mimi nasema hajamwonea. Jumapili ijayo tunairudia.