Kaye ya Muso ikiungua, nakala iko wapi?



Muso nyingi za hapa kwetu Kibua zina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa wamama watatu wasiolala nyumba moja. Feza tunaihesabu mbele ya macho ya wote. Lakini kaye, ile inayosema feza ni ya nani, nani amekopa na nani amebakiza nusu ya deni, mara nyingi ni moja tu. Inalala ndani ya sanduku lilelile ao chini ya godoro la sekretere. Sanduku likiibwa tunapoteza feza ya mwaka. Kaye ikipotea tunapoteza feza na tena tunapoteza watu, kwa sababu siku ya kugawana kila mmoja atakuja na hesabu yake ya kichwani, na hakuna karatasi ya kuwapatanisha.

Sisi wa barabara hii, tangu Nyabiondo na Kashebere mpaka hapa na kuendelea Mpofi, tunajua namna nyumba inavyoachwa kwa dakika kumi. Mama anabeba mtoto mgongoni, sufuria kichwani, simu ndani ya kitenge. Kaye inabaki. Buletini za watoto zinabaki. Cheti cha kuzaliwa kinabaki, na huyo ndiye adui mkubwa kuliko tunavyofikiri: sheria ya jamaa, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto bila malipo, na baada ya hapo ni kupitia tribinali. Anayepoteza karatasi, hata namba yake haikumbuki, anaanza safari ndefu.

Kwa hiyo wiki hii tuzungumze juu ya nakala. Wamama wengi wanauliza swali moja kwa namna mbili. Wenye watoto wanaosoma Goma ao Bukavu wamesikia kwamba kuna ghala za intaneti, unaweka picha za karatasi zako huko na zinakaa hata simu ikianguka mtoni. Wengine wameambiwa kwamba ni heri shirika linunue mashine yake lenyewe, iwekwe ofisini, hapo hakuna wa kutudai feza kila mwezi. Ni ipi inayotufaa?

Kwanza tuelewane hiyo ghala ni kitu gani. Wengi wanaiita wingu, lakini haiko hewani hata kidogo. Ni nyumba kubwa zilizojaa kompyuta, ziko Ulaya, Marekani na kwingineko, na kompyuta hizo haziruhusiwi kulala. Unachotuma kinawekwa kama kifurushi chenye jina lake. Huwezi kuingia ndani ya kifurushi na kufuta mstari mmoja. Ukitaka kubadilisha, unaleta kifurushi kipya. Kampuni ya Amazon ilifungua ghala ya namna hiyo Machi 2006, na wakati ule iliomba senti 15 za dola kwa giga moja kwa mwezi. Leo bei yake ya kawaida huko Marekani ni karibu senti 2,3. Wengine wako chini zaidi: Backblaze ilipandisha bei mwaka 2023 kutoka dola 5 mpaka dola 6 kwa mwezi, na hiyo ni kwa giga 1.000.

Giga 1.000 ni nyingi sana kwetu. Tuhesabu pamoja, kama darasani. Picha ya ukurasa mmoja wa kaye, ikipigwa na simu ya kawaida, ina mega 2 mpaka 4. Tuseme 3. Kaye ya kurasa 100 itakuwa mega 300. Ghala ya bure ya Google, ile inayokuja na adresi ya Gmail iliyo tayari ndani ya simu nyingi za Android, inatoa giga 15, yaani karibu mega 15.000. Hizo ni picha 5.000, ao kaye 50 zilizojaa. Muso yenye wamama 25 inahitaji miaka mingi kabla ya kumaliza nafasi hiyo. Mwenye kuwaambia kwamba lazima mlipe ili kutunza kaye ya Muso, mwombeni awaonyeshe hesabu yake.

Lakini bure nayo ina masharti yake. Giga hizo 15 ni za barua, za karatasi na za picha zote pamoja. Tangu tarehe 1 Juni 2021 picha za simu zinahesabiwa humo. Kwa hiyo adresi ya Muso isiwe adresi ya binti wa mtu anayetunza humo video za harusi. Ifunguliwe adresi ya Muso peke yake. Tena, adresi isiyoguswa kwa miaka miwili Google inaweza kuifuta pamoja na vyote vilivyomo. Kuifungua mara moja kila miezi mitatu kunatosha.

Kuna wamama wanaosema, sisi tunapiga picha na kuzituma kwenye grupu ya WhatsApp, si ndiyo nakala? Ni nakala kidogo. Picha zile kwa kweli zinakaa ndani ya simu za wanagrupu, si mahali pengine pa kudumu. Wenzako wakiwa nazo bado, una bahati. Wakiwa wamefuta ili kupata nafasi, ao simu zao zimebaki njiani kama yako, hakuna tena.

Sasa mashine yetu wenyewe. Wazo lenyewe si baya, na ninaelewa wanaolipenda: kitu kiko machoni, hakuna mgeni anayekishika, na rezo ikikatika bado unafungua. Tusisahau kwamba tangu tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima karibu siku 20. Na mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifungwa. Shirika ambalo ghala yake inalipwa kwa kadi ya benki kila mwezi lingefanya nini hapo? Ghala za kulipia hazingoji vita viishe. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuwaambia wamama wasiingie haraka katika malipo ya kila mwezi, hata kama ni dola 2.

Lakini tazameni mashine hiyo inakula nini. Kompyuta ndogo kabisa yenye diski moja hutumia karibu wati 10. Kwa siku nzima, mchana na usiku, ni wati-saa 240. Paneli ya wati 100, ikipata jua zuri saa nne kwa siku, inatoa karibu 400 kabla ya hasara za njiani, na sisi tunajua mvua za huku na mawingu yake. Inahitajika batri nzuri, na batri inakufa baada ya miaka michache. Diski nayo inakufa, tena bila kutoa taarifa. Kwa hiyo diski mbili. Kisha anahitajika mtu wa kuitunza, anayejua kuirekebisha, na ambaye hatahama. Ukijumlisha yote utaona kwamba feza ya batri peke yake ingelipa ghala ya intaneti kwa muda mrefu. Na bado sijataja jambo kubwa zaidi: mashine iko katika nyumba ileile tutakayoikimbia. Paneli ikiwa juu ya paa, kila mpita njia anajua kwamba ndani kuna kitu.

Goma ilitufundisha somo hilo tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Mwenye nakala mbili za karatasi katika kabati mbili za ofisi moja alikuwa sawa na asiye na nakala. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena, na siku chache baadaye watu wengi walikimbilia Sake wakiwa na kile tu walichoweza kubeba.

Msifikiri kwamba matajiri wameepuka jambo hilo. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo zima la kompyuta la kampuni OVH, mjini Strasbourg, Ufaransa. Kulikuwa na watu waliolipia nakala, na nakala zao zilikuwa palepale moto ulipowaka. Walipoteza vyote, katika nchi yenye zimamoto na umeme wa saa zote. Kwa hiyo kulipa hakutoshi. Ni kuuliza pia, nakala inalala wapi?

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni rahisi ambayo wataalamu wa kompyuta wanaifuata mpaka leo: nakala tatu, katika vifaa vya namna mbili, moja iwe mbali. Ninaipenda kwa sababu wamama wa shamba wanaijua bila kwenda masomoni. Nani kati yetu anaweka mbegu zote za maharagi katika nyumba moja?

Ukiitumia kwa Muso, kaye yenyewe ndiyo ya kwanza. Ya pili ni karte memwari, ile kadi ndogo kama ukucha inayoingia ndani ya simu, ambayo picha za kaye zinawekwa humo na kadi inatunzwa kwa mama mwingine, kijiji kingine ikiwezekana. Inashonwa ndani ya pindo la kitenge, haionekani. Ya tatu ni ghala ya bure ya intaneti. Hapo umepata faida za pande zote mbili: intaneti ikikatwa, kadi ipo; mkikimbia na kadi ikapotea, ghala ipo. Na kwa mwezi hamlipi kitu isipokuwa mega za kutuma.

Hata mega hizo si nyingi mkifanya kwa akili. Programu ya Drive ina kazi ya kuskani karatasi. Ukurasa unakuwa mweupe na mweusi, na uzito wake unapungua sana kuliko picha ya kawaida. Kisha hamtumi kaye nzima kila mara. Baada ya mkutano wa wiki mnatuma kurasa mbili mpya tu. Siku rezo haipo, picha zinangoja ndani ya simu mpaka mmoja wenu apande mahali inapokamata ao aende sokoni.

Je, kuna wanaohitaji kulipa? Wapo. Muungano wa Muso nyingi wenye rejista za miaka kumi, santre ya afya, masomo yenye fishi za wanafunzi elfu moja, shirika linalorekodi video za mafunzo. Hao giga 15 zitawaishia. Kabla hawajachagua waangalie mambo ambayo bei ya kwanza haiyaonyeshi. Ghala nyingine zinaomba kidogo kwa kuweka na nyingi kwa kutoa: kwa Amazon, ukishapita giga 100 za kwanza za mwezi, kila giga unayotoa ni karibu senti 9, mara nne ya kuiweka. Ni kama ghala ya mahindi inayokudai mlangoni siku ya njaa. Waulize pia wangoje muda gani kabla ya kufuta vitu vya asiyelipa. Na anayelipa awe nani: mtu mmoja mwenye kadi ya benki akiondoka, ghala inaondoka naye.

Sasa jambo linalonitisha kuliko bei. Kaye ya Muso ni orodha ya wamama wenye feza. Simu inaweza kuchukuliwa na mtu mbaya njiani, na picha zikiwa wazi humo, anasoma majina, kiasi na siku ya kugawana. Kwa hiyo kaye ya kupigwa picha iwe na namba, si majina. Mwanamemba namba 7 ameweka hisa tatu, namba 12 amelipa deni. Karatasi inayosema namba 7 ni nani isichanganywe na hizo. Itunzwe kwa mwenyekiti, na nakala yake kwa mama wa pili. Na picha zikishafika kwenye ghala na kwenye kadi, zifutwe ndani ya simu.

Kwa vyeti vya kuzaliwa ni afazali kusema ukweli: picha si cheti, na ofisi haitaipokea kama cheti. Lakini picha inaonyesha namba, volimi na folio, na kwa hayo mtu wa etasivili anaweza kutafuta kitabu chake. Buletini vilevile. Mwalimu wa masomo mapya akiona picha ya buletini ya mwaka uliopita, anajua mtoto wa kumweka darasa gani, hatamrudisha nyuma kwa kukosa karatasi.

Inabaki ufunguo. Adresi ya Muso ina neno la siri, na mara nyingi imefungwa na namba ya simu ya mtu mmoja. Namba ikipotea, mlango unaweza kufungwa kwa mwenye nyumba. Google inatoa namba 10 za akiba za kufungulia, kila moja inatumika mara moja. Ziandikeni kwa biki kwenye karatasi tatu, mzigawe kwa wamama watatu wa kufuli. Neno la siri lenyewe lijulikane na wawili, na libadilishwe mmoja wao akitoka katika Muso.

Mkishamaliza yote hayo, fanyeni jaribio kwenye mkutano unaofuata, mbele ya wote. Sekretere asiguse simu yake. Mama mwingine achukue simu nyingine, aingie katika adresi ya Muso, atafute ukurasa wa wiki tatu zilizopita na kusoma kwa sauti hisa za namba 7. Mama namba 7 aseme kama ni sawa. Kisha toeni kadi kutoka kwenye pindo la kitenge, mfanye vilevile.