Nywele au Mtumbwi?

Mvuvi mmoja wa dagaa wa Kigongo, ambaye hajatimiza miaka 40, alituuliza juzi swali lisilostahili kuchekwa. Nywele zake za mbele zinarudi nyuma mwaka hadi mwaka, naye anafikiria kuuza mtumbwi na injini yake ili aende Istanbul, Uturuki, kupandikizwa nywele. Mkewe alikuwa akiuza samaki kwa abiria waliosubiri kivuko. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, abiria hao hawasubiri tena. Mtumbwi ndio tegemeo la nyumba.

Hatuwezi kumwamulia. Hata hivyo, tunao wajibu wa kumweleza yeye na wenzake yale ambayo matangazo huyapitia haraka.

Kwanza, upara wa namna hii si ugonjwa wala laana. Husababishwa na urithi na homoni za kiume.

Pili, upandikizaji hauzalishi nywele, huzihamisha. Daktari huchukua vishina vya nywele kisogoni, ambako upara kwa kawaida haufiki, akavipanda mbele. Dk. Norman Orentreich wa New York aliandika habari za kazi hiyo mwaka 1959, na tangu hapo imeboreshwa sana. Nyingi ya nywele zilizopandwa hudondoka katika wiki za mwanzo, kisha huota upya, na matokeo kamili huchukua kama mwaka mmoja. Lakini nywele za asili huweza kuendelea kupungua nyuma yake. Kijana mwenye haraka huenda akabaki na kisiwa cha nywele kilichozungukwa na upara.

Tatu, na hili latuhusu zaidi, shina la nywele zetu za kipilipili limepinda ndani ya ngozi, hivyo hukatwa kwa urahisi na mkono usio na uzoefu. Ngozi nyeusi nayo huelekea zaidi kuota makovu manene. Mwenye makovu hayo, au vipele sugu vya kisogoni, aweza kurudi na alama mbaya kuliko upara alioukimbia.

Kwa hiyo tunamshauri ndugu yetu aonane kwanza na daktari wa ngozi. Ipo pia dawa ya kupaka, minoksidili, inayowasaidia baadhi ya watu mradi wasiache kuitumia.

Kutaka kupendeza si kosa. Lakini asiye na nywele bado anazo kofia na wembe. Mvuvi aliyeuza mtumbwi atawalisha nini wanawe?