Mnyauko wa Migomba Hautambui Mpaka

Ndugu askari wa jeshi na polisi, katika ulinzi wa mipaka mmezoea kumtafuta adui kwa nyayo zake. Leo tunamzungumzia adui asiyeacha nyayo njiani, bali huacha alama zake katika mgomba. Huyo ni mnyauko bakteria, ambao wakulima wa Kagera huuita unyanjano.

Ugonjwa huu ulielezwa Ethiopia mwaka 1968 katika ensete, mmea wa jamii ya mgomba. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, wilayani Mukono. Katika miaka michache iliyofuata ulibainika mashariki mwa Kongo, Rwanda, Kagera na magharibi mwa Kenya. Na mwaka 2010 ukathibitishwa Burundi. Kwa wakulima wengi wa nchi hizo ndizi si tunda la kuburudisha kinywa tu. Ni chakula cha nyumbani na ada ya watoto shuleni.

Je, hutambuliwaje? Kwanza, majani hugeuka manjano na kulegea kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Pili, ua lining'inialo chini ya mkungu husinyaa. Tatu, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiipasua huonekana madoa ya rangi ya kutu. Nne, shina likikatwa, baada ya dakika chache hutoka utomvu wa manjano mithili ya usaha. Hapo ndipo unyanjano hutofautiana na mnyauko wa Panama uletwao na kuvu, ambao hautoi usaha huo wala hauharibu nyama ya ndizi.

Bakteria hao husafiri kwa njia tatu: panga lililokata mgomba mgonjwa kisha likakata mzima, wadudu warukao kutoka ua hadi ua, na machipukizi yahamishwayo shamba hadi shamba. Chipukizi laweza kubeba ugonjwa huku likionekana lenye afya kamili. Kwa hiyo ukaguzi wa macho kizuizini hautoshi, na askari apataye uhamisho asichukue machipukizi ya kituo cha zamani kwenda kupanda kituo kipya.

Mgomba ulioambukizwa hauna dawa ya kuuponya. Silaha iliyopo ni nidhamu. Chane ya mwisho ikishatoka, ua livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Shina lenye ugonjwa likatwe usawa wa ardhi. Panga lipitishwe katika moto kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Hata hivyo, askari aonaye dalili hizi katika shamba la raia hana ruhusa ya kufyeka. Wajibu wake ni kumwarifu mwenye shamba na bwana shamba upesi. Mkulima atendewaye kwa heshima atatoa taarifa mapema. Atendewaye kwa vitisho ataficha ugonjwa, na ugonjwa uliofichwa ndio uvukao mpaka.