Kidonge cha Tezi na Chai ya Maziwa

"Daktari, dawa nameza kila siku, lakini mwili bado mzito." Wagonjwa wa tezi ya shingo isiyotoa homoni ya kutosha, kutoka Ganako na vijiji vya juu vya Karatu huja na kauli hiyo au inayofanana nayo. Baridi ya Juni inawapenya kuliko wenzao, uso umevimba, choo kigumu, usingizi hauwaishi. Wengi wanataka waongezewe dozi. Mimi huuliza kwanza: unaimeza na nini?

Na chai ya maziwa. Chupa iko mezani, kikombe kimeshamiminwa, kidonge kinateremshwa na funda la kwanza, kisha kinafuata kiazi au chapati. Kidonge hicho, levothairoksini, ni homoni ileile ambayo tezi ingeitoa, ila imetengenezwa kiwandani, na utumbo huifyonza kwa shida. Kalsiamu ya maziwa huinasa na kutoka nayo. Kahawa pia huipunguza, na Karatu ni nchi ya kahawa. Vidonge vya kuongeza damu ndivyo huharibu zaidi. Mjamzito hupewa vidonge hivyo, FEFO, kliniki, akavimeza pamoja na cha tezi asije akasahau kimojawapo, ilhali ni wakati huohuo ambapo mahitaji yake ya homoni yanaweza kupanda kwa robo hadi nusu.

Kidonge kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya chuma, kalsiamu na dawa za kiungulia za kutafuna vikae mbali nacho kwa saa 4. Anayeamka kukamua ng'ombe na kunywa chai hapohapo asijitese kungoja: ameze wakati wa kulala, zikishapita kama saa 3 tangu ale chakula cha jioni. Pakiti isiwekwe karibu na jiko wala dirishani penye jua, maana joto, unyevu na mwanga huipunguzia dawa nguvu.

Ukishabadili utaratibu, usikimbilie kupima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha kama dozi inatosha, wiki inayofuata. Dawa hii huchukua takriban siku 7 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kipimo husema kweli baada ya wiki 6 hadi 8. Kwa mtu anayesafiri kilomita 140 hivi kwenda kupima Arusha, kuwahi ni kutupa nauli.

Ndugu na majirani nao huwa na ushauri wao: ongeza chumvi, tafuta matone ya madini joto. Chanzo chake kinaeleweka. Nyanda za juu zina historia ndefu ya goita, kwa kuwa mvua huosha madini joto kwenye udongo wa miinuko, na tangu katikati ya miaka ya 1990 sheria ya Tanzania inataka chumvi ya kula iongezwe madini hayo. Endelea na chumvi hiyo kama familia yote, na usidhani magadi ya kwenye makande yanashika nafasi yake. Lakini anayemeza levothairoksini tayari anapata homoni iliyokamilika. Madini joto ya ziada hayamwongezei kitu, na tezi iliyokwisha kushambuliwa na kinga ya mwili yanaweza kuizidishia udhaifu.

Sasa chukulia dawa inamezwa vizuri, TSH imerudi mahali pake, na uchovu haujaondoka. Kuongeza dozi hapo ni kuchezea moyo na mifupa. Tafuta kwingine: upungufu wa damu, upungufu wa vitamini B12, kisukari, sonona, kukoma hedhi, kukoroma kunakokatisha pumzi usingizini. Kwa familia za wafugaji za Karatu na Ngorongoro naongeza brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na kwa maziwa mabichi. Homa za kuja na kuondoka, maumivu ya viungo na uchovu wa miezi mingi vinaweza kubebeshwa tezi bure. Wapo pia wanaouliza kuhusu T3, homoni nyingine ya tezi, waliyoisoma mtandaoni. Tafiti zilizolinganisha mchanganyiko wake na levothairoksini pekee hazijaonyesha nafuu ya kutegemewa kwa wagonjwa wengi, hivyo ni jambo la kujadiliana na bingwa, mambo mengine yakishachunguzwa.

Mgonjwa mmoja asiachwe akadanganywa na TSH. Ni mama aliyevuja damu nyingi wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na nywele za kwapa zikapukutika. Kilichoumia kwake ni tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ndiyo hutoa hiyo TSH, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonekana cha kawaida huku homoni ya shingoni iko chini. Huyo apimwe homoni ya shingoni yenyewe, T4, na kotisoli pia, homoni ya tezi zilizo juu ya figo. Kotisoli ikiwa pungufu, ndiyo hutibiwa kwanza. Levothairoksini ikitangulia peke yake inaweza kumwangusha.